Kishungi, Nakuja!

Haya, sogeeni. Na wewe wa nyuma, sogea, mkeka ni mpana.

Mimi nikisema "Nakuja!", ninyi semeni "Njoo basi!" Tujaribu.

Nakuja!

Njoo basi!

Ah, mmelala? Kwa nguvu! Nakuja!

Njoo basi!

Hapo sawa. Sasa tunaweza kuanza.

Palikuwa na msichana mdogo, jina lake Somoe. Alikaa na Mama yake na Bibi yake katika kijiji cha Mkadini, karibu kabisa na bahari.

Bibi naye aliitwa Somoe. Kwa hiyo Bibi hakumwita mjukuu wake kwa jina. Alimwita "somo yangu", na Somoe alipenda sana kuitwa hivyo.

Somoe alikuwa na kuku. Manyoya ya kichwani yalikuwa yamesimama, kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Kuku huyo aliitwa Kishungi.

Kishungi alikuwa anaatamia. Alikalia mayai yake ndani ya chungu kikuukuu, kule jikoni uani, pembeni ya kinu. Asubuhi yupo. Mchana yupo. Kru, kru, kru.

"Bibi, vifaranga vinatoka lini?" Somoe aliuliza kila siku.

"Karibu, somo yangu," Bibi alijibu. "Usimghasi mwenzio."

Siku moja likapita gari lenye spika. Lilikwenda polepole, huku linapiga kelele.

"Kimbunga kinakuja! Kimbunga kinakuja! Watu wote wa Mkadini, twendeni shuleni, kule juu kilimani!"

Jamani! Kijiji kizima kikawa mbio mbio. Mama akakunja godoro, akabeba ndoo, akabeba unga na blanketi.

Na Bibi akabeba mbuzi.

Mnacheka nini? Si mbuzi wa mee! Ni mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukalia, yenye meno ya chuma mbele.

"Mama, kimbunga kinakuja, wewe unabeba mbuzi?" Mama akamwambia Bibi.

"Niiachie nani?" Bibi akasema. "Kwani huko watu hawali?"

Somoe yeye akakimbilia jikoni kumchukua Kishungi. Akanyoosha mkono. Do! Kishungi akamdonoa kidole.

"Mwache, somo yangu," Bibi akasema. "Ukimtoa pale, mayai yatapoa. Vifaranga havitatoka tena."

"Kwa hiyo tunamwacha peke yake?"

"Tunamwacha," Bibi akasema. Na yeye hakupenda kusema hivyo.

Somoe akamwekea Kishungi mahindi. Akamwekea maji kwenye kifuu cha nazi. Kisha akachuchumaa, akamwambia polepole, "Kishungi, nakuja."

Mnajua tulivyo na "nakuja" yetu. Mtu amevaa viatu, amekupa mgongo, yuko mlangoni anaondoka, halafu anasema, "Nakuja!" Maana yake, anakwenda lakini atarudi.

Watu tunajua. Lakini je, kuku anajua?

Kule shuleni watu walijaa tele. Madawati yalisukumwa ukutani, mikeka ikatandikwa chini.

Mwalimu Nandonde, mwenye funguo za shule, alisimama mlangoni. "Karibuni, karibuni. Mifugo ibaki nje, tafadhali. Humu ni watu tu."

"Shikamoo, Mwalimu," Somoe akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mko wangapi?"

"Mimi, Mama, Bibi na mbuzi."

"Mbuzi?" Mwalimu akashtuka. "Hapana, hapana! Mbuzi haingii darasani. Atatafuna chaki zangu!"

Bibi akafunua kanga yake. Mwalimu akatazama. Mbuzi alikuwa hana mkia wala masikio.

"Hii haitafuni chaki," Bibi akasema. "Inatafuna nazi."

Wee! Watu walicheka. Mwalimu Nandonde naye alicheka mpaka akashika mlango asianguke.

Somoe alicheka kidogo tu. Alikuwa anamfikiria Kishungi.

Kimbunga kilisema kinakuja, na usiku kikaja. Vuuu! Vuuu! Mvua ikapiga bati. Tatatata! Tatatata!

Somoe akajisogeza katikati, Mama huku, Bibi huku.

"Mama, jiko letu ni la makuti."

"Najua, mwanangu."

"Kishungi anaogopa."

"Hata mimi naogopa," Mama akasema, akamkumbatia. Wakaogopa pamoja mpaka usingizi ukawachukua.

Asubuhi upepo ulikuwa umekwenda zake. Jua likatoka, eti kama vile halijui lolote.

"Tunarudi?" Somoe akauliza.

"Bado," Mama akasema.

"Bado kidogo?"

"Bado kidogo."

Wakanywa uji.

"Tunarudi?"

"Bado."

"Bado kidogo?"

"Bado kidogo."

Wakala ugali na maharage. Somoe akafungua mdomo, na Mama akamuwahi. "Bado, mwanangu. Bado kidogo."

Somoe akanuna. Midomo ikawa mirefu hivi.

"Mdomo huo tungeweza kuanikia nguo," Bibi akamtania.

Siku nyingine Somoe angecheka. Leo aliangua kilio.

"Nimemdanganya Kishungi! Nilimwambia nakuja, na siji!"

Bibi akampakata. Akamfuta machozi kwa pindo la kanga.

"Hujamdanganya, somo yangu. Umechelewa tu. Kuchelewa ni kitu kingine."

"Na Kishungi anajua kwamba nimechelewa tu?"

Bibi akamfuta machozi tena. Hilo hakulijua.

Mchana Somoe akavaa ndala zake. Akachukua mahindi kidogo, akayafunga kwenye kitambaa.

"Mama, nakuja," akasema.

"Haya," Mama akajibu. Alikuwa anachambua mchele.

Halafu mikono ya Mama ikasimama. Nakuja? Hee! Mtu akisema nakuja, huyo anaondoka!

"Somoe! Unakwenda wapi?"

Mama akatoka mbio, mchele huku, ungo huku. Akamkuta Somoe getini, Mwalimu Nandonde amemshika mkono.

"Huyu mama mdogo anasema anarudi kwake," Mwalimu akasema.

"Kuna kuku ananingoja," Somoe akasema. "Nilimwambia nakuja."

Mwalimu Nandonde hakucheka. Akachuchumaa, akaonyesha barabara kule chini. Maji mekundu yalikuwa yamejaa kila mahali.

"Unaliona daraja?"

Somoe akatazama sana. "Silioni."

"Mimi pia silioni. Liko chini ya maji. Tukipita sasa, maji yatatuchukua, na huyo kuku hatatuona tena."

Somoe akarudi nyuma hatua moja.

"Lakini daraja likionekana," Mwalimu akasema, "nitafungua geti mimi mwenyewe. Na wewe utapita wa kwanza."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Basi Somoe akapata kazi. Kazi yake ilikuwa kuliangalia daraja. Aliketi getini juu ya mbuzi ya Bibi, mgongo wima, kama askari.

Watu wakipita walimuuliza, "Somoe, daraja limeonekana?"

"Bado."

"Bado kidogo?"

"Bado kidogo."

Jioni Bibi alikuja kuchukua mbuzi yake. Upepo ulikuwa umeangusha nazi nyingi. Kwaru, kwaru, kwaru! Bibi akakuna. Maharage yakapata tui, shule nzima ikanukia.

"Nani vile aliniuliza kwa nini nabeba mbuzi?" Bibi akasema.

Mama akainamia sahani yake, akala.

Somoe akalala, akaamka. Daraja? Bado. Akalala tena, akaamka. Bado. Bado kidogo.

Halafu asubuhi moja akaona kitu cheupe kinachungulia majini. Akasugua macho. Akatazama tena.

"Daraja! Jamani, daraja! Daraja!"

Mwalimu Nandonde akaja mbio, mswaki mdomoni. Akateremka na fimbo, akapima maji, akarudi anatabasamu. Akatoa funguo mfukoni. Kacha! Geti likafunguka.

Somoe akapita wa kwanza. Mama alimshika mkono, na alimshika sawasawa.

Semeni naye, watoto. Nakuja!

Njoo basi!

Njia nzima ilikuwa matope. Chubwi, chubwi, chubwi. Ndala moja ikabaki matopeni. Mama akaichomoa, wakaendelea. Chubwi, chubwi, chubwi.

Wakafika. Nyumba ilikuwa imesimama. Bati moja tu lilikuwa limekwenda kutembea.

"Alhamdulillahi," Bibi akasema.

Lakini Somoe alikuwa anatazama uani. Jiko halikuwepo. Makuti yalikuwa yamelala chini, yamelowa, yamerundikana.

Akasogea karibu.

"Hodi!" akaita. "Kishungi, nimekuja!"

Kimya.

"Hodi! Kishungi, ni mimi! Nilichelewa tu!"

Kimya.

Hodi ni tatu, mnajua hivyo. Ya tatu isipojibiwa, mtu anageuka, anaondoka. Somoe aliogopa kuisema ya tatu. Akamtazama Mama. Akamtazama Bibi.

"Sema, somo yangu," Bibi akasema. "Tuko hapa."

Somoe akaisema kwa sauti ndogo sana. "Hodi."

Kru.

"Mmesikia?"

Kru, kru.

"Yupo! Mama, yupo! Kishungi yupo!"

Mama akashika makuti, Bibi akashika makuti, Somoe akavuta. Vuta! Vuta! Chini yake kulikuwa na kinu. Paa lilikuwa limeangukia kinu, likaegemea pale, likaacha kijichumba kidogo.

Na ndani ya kijichumba kulikuwa na chungu. Na ndani ya chungu alikuwepo Kishungi.

Alikuwa amekonda. Alikuwa na tope mpaka shingoni. Kile kishungi chake kilikuwa kimelala kabisa.

"Nimekuja," Somoe akasema, akanyoosha mkono.

Do! Kishungi akamdonoa kidole.

"Amekasirika!" Somoe akasema, na machozi yakamtoka kwa furaha. "Bibi, amenikasirikia! Alikuwa ananingoja!"

Kishungi akajitikisa. Akanyanyua bawa lake. Chini ya bawa kikatoka kichwa kidogo.

Kwi!

Kikatoka kingine. Kwi, kwi! Na kingine tena, kimelowa, kinapepesuka. Kwi, kwi, kwi!

Somoe alikaa pale pale kwenye matope, akavitazama.

Mama akaenda kutafuta tenga. Bibi yeye akaweka mbuzi yake chini, akakaa, akapasua nazi. Kwaru, kwaru, kwaru! Akakamua tui la kupikia. Machicha akawapa wageni.

Kishungi akala machicha. Vifaranga navyo vikala. Bibi akatingisha kichwa.

"Mbuzi kalisha kuku," akasema. "Mwambieni Mwalimu Nandonde."

Jioni hiyo jiko lilikuwa bado liko chini. Kwa hiyo tenga la Kishungi likaingia ndani, likawekwa karibu na kitanda cha Somoe.

"Leo tu," Mama akasema. "Mifugo haikai na watu."

"Leo tu," Somoe akasema. Lakini Bibi alimkonyeza.

Somoe akapanda kitandani kwake. Kitanda chake mwenyewe, shuka yake mwenyewe, harufu ya nyumbani kwao. Mama akamfunika mpaka kidevuni.

"Nafunga mlango wa uani," Mama akasema. "Nakuja."

"Njoo basi," Somoe akasema.

Akasikiliza. Hatua za Mama zikaenda. Mlango ukafungwa, kriii. Hatua zikarudi.

Mama akainama juu ya kitanda. "Nimekuja," akanong'ona.

Somoe hakujibu. Alikuwa amelala fofofo, kidole chake kimoja kimeingia kwenye tundu la tenga.

Kishungi akakiangalia kile kidole. Safari hii hakukidonoa. Akakiegemezea kichwa, akafumba macho.

Kru.

Na ninyi, fumbeni macho. Mimi naenda kuzima taa tu.

Nakuja.