Shigeharu na Jina Lililofutwa

Kila mkija mnataka habari za jirani yangu Shigeharu, kana kwamba kwenu hakuna wafu. Haya, tegeni masikio.

Mkewe, Kinue, alicheza ule mchezo wa zamani wa runinga, wa vijitu vya vidoti na muziki mtamu, miaka kumi na mmoja. Shujaa wake alimpa jina lake mwenyewe, Kinue. Mkewe alipolazwa mahututi, Shigeharu akamfuta shujaa huyo, akaweka wake aitwaye Shigeharu ili acheze yeye.

"Baba, Kinue wangu hajambo?" mgonjwa akamuuliza mumewe.

"Nimemfuta. Mtu mzima unalilia katuni?"

"Haya. Zamu yako itafika." Akageukia ukutani, na usiku ule akafa.

Mwaka uliofuata Shigeharu alikuwa akicheza, mvua imetia chumba giza. Muziki ukakatika, ikabaki ti, ti, ti, kama ukucha unaogonga kioo. Pakaandikwa: "Nimfute Shigeharu?" Hakugusa kitu. Jibu likajichagua lenyewe: "Ndiyo."

Akakimbilia kaburini kumwomba mkewe radhi. Kwetu, jina la mume aliye hai huchongwa kando ya la marehemu mkewe na kutiwa rangi nyekundu, nayo huondolewa siku anayokufa. Shigeharu akainama, akalipapasa jina lake.

Wekundu ulikuwa umeshaondolewa.