Mama wa Msusi Hazikwi na Wigi

Kila Jumapili asubuhi, kabla jua halijafika kibarazani, Msusi alimsuka mama yake. Mtaa mzima ulimwita Msusi, na jina hilo alilipenda. Mama aliketi kwenye mkeka, bintiye nyuma yake kwenye kigoda. Mistari minane myembamba, inaanzia kwenye paji na kukutana kisogoni. Mama hakutaka mtindo mwingine.

"Vuta taratibu," mama alisema. "Hicho ni kichwa, si gunia."

"Ukitulia tutamaliza upesi."

Mama hakujua kutulia. Alisimulia bei za sokoni na ndoa za majirani. Siku nyingine alisimulia hata habari za kifo chake, bila kubadili sauti.

"Siku yangu ikifika, nilazeni karibu na baba yenu, pale makaburi ya mjini. Na msinifanyie makubwa, maana..."

"Mama, acha uchuro," Msusi alimkatiza, akamgonga begani kwa kitana.

Mama alicheka, akarudi kwenye ndoa za majirani. Mazungumzo yale yalikatwa hivyo kila mara, na mkataji alikuwa Msusi.

Kisha mama akaugua moyo. Alilazwa siku nne. Siku ya tano asubuhi akafariki.

Msusi alibaki kwenye benchi la korido. Kaka yake, dereva wa lori la masafa marefu, alimwambia atulie hapo, yeye atashughulikia. Alirudi baada ya saa moja na karatasi ya manjano mkononi. Macho yalikuwa mekundu, lakini kifua kilikuwa mbele.

"Nimemaliza kila kitu," alisema. "Nimempata mtu wa hospitali pale getini. Jeneza la vioo, magari matatu, bendi ya matarumbeta. Mama anasafirishwa mpaka kijijini kwao. Watamwosha na kumvalisha wao wenyewe. Wameweka mpaka wigi."

Msusi aliinua kichwa. "Wigi?"

"Imo kwenye kifurushi."

"Kaka, mama wa msusi azikwe na wigi?"

"Tutafanyaje? Maiti ikishaingia mochwari si yetu tena mpaka siku ya kuzika. Ndivyo alivyoniambia yule bwana."

Kaka hakuwa mtu mbaya. Barabara ilikuwa imemlia miaka mingi, na mama alimwona kwa nadra. Sasa alitaka kumfidia yote kwa siku moja. Msusi alilijua hilo, ndiyo maana alishindwa kumgombeza.

Alasiri, nyumbani, jirani yao aliingia kuwapa pole. Alikuwa mhudumu wa mochwari ya hospitali ileile. Mtaani walimwita Bi Baridi, na wengi walimsalimia kwa mbali, mikono mfukoni. Yeye hakununa. Alikuwa amewazoea.

"Poleni sana, wanangu."

"Tumeshapoa, mama."

Kaka alimwonyesha ile karatasi. Bi Baridi akavaa miwani, akasoma mpaka chini.

"Huyu ni yule mwenye koti jeupe?"

"Ndiye. Mfanyakazi mwenzako."

"Si mwenzangu. Ni dalali wa majeneza. Koti lile kajinunulia."

Kaka aliichukua karatasi, akaisoma upya. Mtu aliyevuka vizuizi vyote vya barabarani bila kutapeliwa, alikuwa ametapeliwa na koti.

"Umeshamlipa?"

"Alisema kesho."

"Basi umepona. Kesho mwambie hamumhitaji. Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo wengi hupotea." Bi Baridi alivuta kiti. "Mama yenu ni wenu, leo na kesho. Sisi tunamtunza tu. Kilicho lazima ni karatasi, mengine karibu yote ni hiari yenu. Kwanza, daktari anaandika kwamba amefariki, na kwa sababu gani. Karatasi hiyo mnaipeleka ofisi ya usajili wa vifo, pamoja na kitambulisho chake na cha mmoja wenu. Hapo mnapewa kibali cha mazishi. Cheti cha kifo nacho kifuatilieni mapema, mtakihitaji benki na kwenye mirathi. Hakikisheni jina lake limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho."

"Na kama angefia nyumbani?" Msusi aliuliza.

"Mngemwita daktari au kiongozi wa mtaa kwanza, kabla ya kumhamisha. Utaratibu hutofautiana mahali na mahali. Kwa hiyo ulizeni ofisini, si getini."

Kaka alijikuna kichwa. "Na jeneza la vioo?"

"Mkilitaka, lipo. Lakini jeneza la mbao za kawaida linatosha kabisa. Wapo wanaozika kwa sanda tu, bila jeneza. Wapo ambao imani yao ni kuchoma mwili na kuhifadhi majivu. Mnaweza kuzika hapa, mnaweza kusafirisha, ila safari ina vibali vyake na mwili hutiwa dawa. Zungumzeni na kiongozi wa dini yenu. Halafu jiulizeni marehemu alitaka nini. Aliwahi kusema?"

Msusi akaanza kulia.

"Alisema. Kila nilipomsuka alisema, na mimi nikamnyamazisha. Alitaka kulala karibu na baba. Alisema tusimfanyie makubwa, kisha nikamkatiza. Sijui alitaka kuongeza nini."

Kaka aliikunja ile karatasi ya manjano mara nne.

"Basi ni makaburi ya mjini," alisema.

Msusi akajifuta uso. Alimgeukia Bi Baridi. "Na nywele? Naweza kumsuka mwenyewe?"

"Kwa nini usiweze? Familia ikitaka kuosha na kuvalisha, kwetu tunaipa chumba, glavu na aproni. Angekuwa na ugonjwa wa kuambukiza, daktari angetuambia na tungefuata maagizo yake. Moyo hauambukizi."

"Usithubutu, mdogo wangu," kaka alisema. "Watu wakijua umeshika kichwa cha maiti, nani atakaa kwenye kiti chako? Saluni utaifunga."

Bi Baridi hakumcheka. Jambo hilo alilijua kuliko wote.

"Sikudanganyi," alimwambia Msusi. "Mikono ikioshwa kwa sabuni haibaki na kitu. Lakini midomo ya watu siiwezi. Wapo watakaokuogopa."

Msusi aliifikiria saluni yake, kile chumba kimoja chenye kioo kimoja, na wateja aliowapata mmoja mmoja kwa miaka tisa. Hakuwa na kazi nyingine. Hakuijua nyingine.

"Nitamsuka," alisema.

Kesho yake asubuhi yeye na Bi Baridi walimwosha mama. Chumba kilikuwa cha baridi, kisafi, kina taa nyeupe. Mstari wa kwanza ulienda kombo. Akaufumua, akaanza upya. Kwa kuwa mama alikuwa kimya, Msusi ndiye aliyesimulia bei za sokoni. Kufika mstari wa tatu, vidole vilikuwa vimekumbuka kazi. Alipomaliza wa nane alirudi nyuma hatua moja, akatazama. Ilikuwa kazi nzuri. Alijivunia kazi ile waziwazi, huku machozi yakimtoka.

Kaka naye alishinda ofisini. Alirudi na kibali cha mazishi, kifua mbele tena, na safari hii kwa haki.

Mama alizikwa karibu na mumewe, katika jeneza la mbao alilolichonga fundi wa mtaani. Kabla ya kulifunga, watu walipita kumuaga. Minong'ono ikaanza. Nani kamsuka mama wa watu vizuri namna hii?

"Mdogo wangu," kaka alijibu, kwa sauti iliyofika hadi nyuma. "Kwa mikono yake mwenyewe."

Baada ya msiba, ndugu hao wawili walikaa mezani na daftari. Kila mmoja aliandika angependa azikwe wapi na vipi. Kaka ndiye aliyeanza, na aliandika kurasa mbili. Hakuna aliyetamka neno uchuro. Nakala moja ilibaki kwa kila mmoja.

Jumatatu Msusi alifungua saluni. Asubuhi yote hakuingia mtu. Mteja wake wa siku nyingi alipita upande wa pili wa barabara, akijifanya kutafuta kitu kwenye mkoba. Msusi alifuta kioo mara mbili. Alifagia sakafu isiyokuwa na unywele hata mmoja.

Saa sita mchana aliingia mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama mzito mwenye sauti ya kuita watoto mia tatu. Mazishini alikuwepo. Alikuwa hajawahi kusukwa hapo. Alijiweka kwenye kiti, akavua kitambaa cha kichwani.

"Karibu, mwalimu. Nikusuke mtindo gani?"

"Uleule," mwalimu alisema. "Uliomsuka mama yako."