Pikipiki ya Shemeji

Pikipiki ilizimika mlimani, na maziwa ya watu yalikuwa juani.

Muuza maziwa alipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Injini kimya. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo, na mara mbili za kwanza maziwa yote yalimwagwa. Alifungua dumu, akanusa. Yalishaanza kuchacha.

Simu ikaita. Alikuwa mwenye hoteli.

"Baba Pacha, uko wapi?"

"Niko njiani, bosi."

"Hata jana ulikuwa njiani. Basi hamia huko huko. Nimeshapata mwingine."

Aliikokota pikipiki hadi kwa jirani yake, fundi wa pikipiki, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Spana. Fundi alichutama akaitazama injini.

"Umeinunua kwa nani?"

"Kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Nimelipa nusu. Iliyobaki ni Ijumaa."

"Uliijaribuje?"

"Nilizunguka nayo nyumba yake."

"Peke yako? Bila mzigo?"

"Ningesemaje, dada? Shemeji anakukaribisha, anakupa kiti, halafu uanze kumkagua kama askari?"

"Pikipiki haijui shemeji. Tazama bolti hizi, vichwa vimelika. Injini imefunguliwa mara nyingi. Na oili hii nzito kama asali wameiweka ili ubovu usipige kelele. Ikipoa inawaka. Ikipata moto na mzigo, pistoni inakwama."

"Sasa nifanyeje?"

"Usimalize kulipa. Na siku nyingine fika asubuhi, kabla muuzaji hajaiwasha. Shika injini. Ikiwa ya moto, ameipasha ili iwake upesi mbele yako, kwa hiyo subiri ipoe. Beba mzigo wako, panda nayo mlima, izime, uiwashe tena ikiwa bado ya moto. Linganisha namba ya injini na iliyo kwenye kadi. Muulize aliyekuwa nayo kabla. Na uje na fundi. Muuzaji akikataa, ondoka."

Muuza maziwa alirudi nyumbani. Atamwambiaje mkewe? Muuzaji ni kaka yake. Na nusu waliyolipa ilitokana na cherehani yake, aliyokubali kuiuza.

Alipomaliza kueleza, mkewe alivaa viatu.

"Twende."

"Mama Pacha, tusubiri kidogo. Ni kaka yako."

"Na cherehani ilikuwa yangu."

Shemeji aliwapokea kwa kicheko. Dada yake hakuketi.

"Kaka, ulijua?"

"Aa, kila pikipiki ina maradhi yake."

"Sijakuuliza hivyo. Ulijua?"

Kicheko kikaisha. "Aliyeniuzia alinionya. Nikadhani safari zenu ni fupi."

"Chukua pikipiki yako. Tupe pesa yetu."

"Mnanidhalilisha kwangu! Na robo yake nimeshaila."

"Lete iliyobaki."

Muuza maziwa alitazama sakafu hadi pesa ilipohesabiwa.

Alirudia baiskeli. Miezi minne walibana matumizi, ndipo wakasikia mwalimu mmoja anauza pikipiki. Alfajiri walikuwa mlangoni kwake, Mama Spana akiwa nao. Muuza maziwa aliweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa ya baridi. Akafunga madumu yaliyojaa maji.

"Umekuja kununua au kupeleleza?" mwalimu alinung'unika.

"Vyote viwili, mwalimu."

Alipanda nayo mlima. Juu kabisa akaizima. Akapiga kiki moja tu, ikawaka. Namba zilipolingana na kadi, akalipa.

Sasa maziwa yanafika mazima, na wateja hawapigi simu.

Ile ya kwanza iliwagharimu hivi: cherehani moja, madumu sita ya maziwa, hoteli moja, robo ya pesa waliyotoa. Na kaka mmoja, ambaye akimwona dada yake dukani huvuka barabara.