Miwani Isiyo na Mtu

Asubuhi hiyo fundi alifika karakana mapema, akafungua madirisha, akaweka kikombe chake cha chai mbali na vifaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza miwani ya wagonjwa wasioweza kusema wala kunyanyua mkono. Ukiivaa unaona chumba kama kilivyo, ila herufi zinaelea mbele yako, na nukta ya kijani inafuata jicho lako popote linapokwenda. Ukiikazia macho herufi, inaandikika. Neno likikamilika, spika inakusemea.

Miwani ya siku hiyo ilikuwa ya dada yake. Kiharusi kilimlaza miaka miwili, akabaki na macho tu. Sasa alikuwa na miezi miwili kaburini, na mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akiisubiri miwani hiyo.

"Alilala tu, mama, hakuamka." Ndivyo fundi alivyomwambia mama yao. Hakusema kwamba mchana ule alikuwa kwenye simu na bosi wake, na spika chumba cha pili ikawa inaita, mdogo wangu, mdogo wangu, mpaka akaona aibu kwa bosi, akaenda kuizima bila hata kumtazama dada yake usoni. Simu ilichukua dakika arobaini. Aliporudi, dada alikuwa ameshapaliwa na kukata roho.

Sasa, pale karakana, akafuta kwenye miwani vipimo vyote vya macho ya marehemu. Akaivaa miwani ili aijaribu.

Alitazama dirishani. Nukta haikumfuata.

Akatazama mlango. Nukta ilibaki kwenye herufi, ikitetemeka. Ikatua kwenye M. Ikatulia. Ikahamia A.

Aliivua mbio, akaiweka mezani. Kwenye kompyuta iliyounganishwa nayo, herufi ziliendelea kujipanga.

MAMA ANAJUA?

Akanong'ona, "Hajui, dada."

MWAMBIE.

Alichomoa waya, akatoka vilevile bila kufunga karakana.

Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo.

"Mama, aliniita," alisema, amesimama kama mtoto aliyevunja kitu. "Mimi ndiye niliyeizima sauti."

Mama alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Aliita mara ngapi?"

"Nyingi, mama."

"Ndiyo maana," mama alisema taratibu. "Nilipomfumba macho yalikuwa yameelekea mlangoni. Nikawa najiuliza, anamtazama nani?"

Hakumfukuza. Hakumshika pia. Fundi alikaa chini, akalia mpaka adhana ya alasiri.

Aliporudi karakana, miwani ilikuwa palepale, imezimika. Kwa ndani, pale macho yanapokaa, vioo vyote viwili vilikuwa vimelowa. Akavifuta kwa kitambaa kikavu, akaifungia miwani kabatini. Mwalimu alitafutiwa nyingine.

Kitambaa alikianika juani siku hiyo, na ya pili yake, na ya tatu. Mpaka leo ukikishika kimelowa, na maji yake ni ya uvuguvugu.