Gauni la Nyelle

Aprili ikiingia, maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Nne huwa vurugu tupu. Akina mama wa Philadelphia nzima hujazana humo na mabinti zao, kila mmoja anavuta jora lake, kila mmoja anaapa kwamba rangi ile aliiona yeye kwanza. Mwanamume mwenye akili haingii humo mwezi huo. Clifton Beasley aliingia. Alikuwa kinyozi, viti vya saluni yake vilikuwa vimechanika, naye alitaka ngozi ya kuvifunika.

Kwenye foleni, mbele yake, alisimama mwanamke aliyebeba jora la kitambaa cha dhahabu begani kama gunia la mahindi. Kila alipogeuka, vimetameta vilimwagika, na vyote viliangukia koti jeusi la Clifton.

"Dada," akasema, "ukiendelea hivi nitatoka humu nimekuwa mti wa Krismasi."

Mwanamke akageuka, akamkagua toka utosini hadi viatuni. "Pole, kaka. Lakini afadhali. Hilo koti lako ni la matanga."

"La matanga? Nimelinunua juzi!"

"Basi aliyekuuzia hakupendi."

Alicheka mwenyewe, kicheko kikubwa kilichowafanya watu wa kaunta wageuke. Jina lake Roslyn Tillery. Alikuwa na miaka thelathini na minane, hereni za duara zinazogusa mabega, na sare ya buluu ya wahudumu wa wagonjwa wa figo chini ya koti jekundu. Uchovu wa zamu ulikuwa machoni, lakini mdomo ulikuwa macho.

"Harusi ni lini?" Clifton akauliza, akijifanya hajali jibu.

"Harusi ya nani? Mpwa wangu anakwenda dansi ya kumaliza shule. Mwakani ni zamu ya binti yangu, na hapo ndipo mtaa wetu utakapojua."

"Utajua nini?"

"Kwamba ana mama."

Clifton alisahau ngozi ya viti. Alitoka dukani na namba ya simu.

Jioni hiyo hiyo akapiga. "Ni mimi, yule wa matanga."

"Nani amekufa?"

"Mimi. Tangu saa nane mchana."

"Loo! Kinyozi, maneno hayo unawaambia wangapi?"

"Wateja wangu wote ni wanaume wenye ndevu, bibie. Nimwambie nani?"

Mapenzi yalianza hivyo, kwa mizaha. Walikula kaa wa kuchemsha kwa mikono kwenye gazeti, wakatembea kando ya mto jua likiwa bado juu, na Clifton akajifunza kumpelekea kahawa mlangoni mwa kliniki yake ya figo kabla hajaanza kulalamika. Roslyn alikuwa amemlea binti yake, Nyelle, peke yake. Baba mtu alikuwa mtu wa ahadi, na ahadi hazilishi mtoto. Clifton alikuwa ameachana na mkewe zamani, hana mtoto, analala chumba kimoja juu ya saluni yake. Kufika Krismasi walikuwa wamekubaliana: wataoana, watanunua nyumba ndogo nje kidogo ya mji, watauacha ule mtaa.

Pesa wakaziweka kwenye upatu wa kanisani. Fungu lilikuwa moja, la wote wawili, lakini jina lililoandikishwa lilikuwa la Roslyn, kwa kuwa yeye ndiye aliyemjua kijumbe, mkusanyaji wa michango. Zamu yao ya kupokea ilikuwa mwezi wa Juni. Pesa hizo ndizo zingekuwa malipo ya kwanza ya nyumba.

Hapa sasa ndipo wapendanao wawili wazima walipofanya kama watoto, kila mmoja akaficha lake.

Clifton alipata nyumba mapema, mwezi wa Machi: ya matofali, vyumba vitatu, uwanja nyuma. Hakumwambia Roslyn. Alitaka kumshtua. Alimpeleka Nyelle peke yake kuiona. Binti wa miaka kumi na saba akazunguka vyumba vyote, akasimama katika kile cha nyuma, dirisha linaangalia mti wa cheri.

"Anko Clif, hiki ni cha nani?"

"Mimi nitajuaje? Wewe unakitaka?"

"Lakini mimi Agosti nakwenda chuoni."

"Kwani chuoni hakuna likizo? Chagua, mtoto, mguu unaniuma."

Akachagua. Akaapa kutomwambia mama yake. Mwenye nyumba alikubali kuwasubiri mpaka Juni.

Roslyn naye alikuwa na lake. Mtaani kwetu mtoto haendi dansi hivi hivi akaingia garini akaondoka. Hufanyiwa sendofu. Barabara hufungwa, zulia jekundu hutandikwa kuanzia kizingitini, nyuma huwekwa pazia la kupigia picha, ndugu huvaa fulana zenye sura ya mtoto, na majirani wote hutoka viti mkononi kumwona akishuka ngazi. Watu husema maneno siku hiyo: gauni limeshonwa na nani, gari ni la aina gani. Mama ambaye mwanawe alishuka na gauni la dukani hukumbushwa hata baada ya miaka.

Lakini si majirani waliomsumbua Roslyn. Mwaka uliopita, mtoto wa nyumba ya pili, Marquell, aliuawa kwa risasi iliyokusudiwa mtu mwingine, wiki mbili kabla ya dansi. Suti ya zambarau aliyoshonewa ndiyo aliyozikwa nayo. Roslyn alisimama kanisani, akaitazama ile suti, na kitu kikamwingia moyoni ambacho hakumwambia mtu. Akaapa kwamba mwanawe atapambwa akiwa hai, apambwe mpaka macho yaume.

Fundi alitaka dola elfu moja na mia mbili kwa gauni la kijani la zumaridi, lenye mkia wa kuburuta na shanga za kushonwa kwa mkono. Ongeza gari, hema, chakula, nywele, viatu. Ikafika elfu nne na ushee. Aprili, Roslyn akamwendea kijumbe, akambembeleza, akabadilishana zamu na mtu mwingine, akapokea. Alijiambia atazirudisha kwa kufanya zamu za usiku. Alijiambia pia kwamba atamweleza Clifton. Siku zikapita, mdomo ukawa mzito.

Clifton alizipata habari hizo kwenye saluni yake mwenyewe, wembe mkononi, shingo ya mteja imeinama mbele yake.

"Hongera bwana," mteja akasema. "Mke wangu anasema upatu mmeshapokea. Lini mnahama?"

Wanaume sita walikuwa wamekaa wanangoja zamu. Clifton akafuta wembe polepole. "Karibuni," akasema. Kinyozi ndiye hujua mambo ya mtaa kabla ya mtaa wenyewe, na leo yeye ndiye alikuwa wa mwisho kujua la kwake. Aibu ilimshika hadi masikioni.

Alimkuta Roslyn jikoni, bado na sare.

"Pesa ziko wapi, Roz?"

Hakuuliza pesa gani. "Kaa kwanza, mpenzi."

"Sikai. Ziko wapi?"

"Kwa Nyelle. Gauni lake, na sendofu. Nitazirudisha, Clif. Naapa."

"Zote?"

"Karibu zote."

"Kwa gauni la muda wa saa tano tu! Atalivaa jioni moja, kesho liko kabatini. Roslyn, watu wazima hatufanyi hivi."

"Watu wazima wa wapi? Alipokufa Marquell, mtaa huu ulichanga mpaka watoto wakatoa pesa za pipi. Hakuna aliyeuliza jeneza ni bei gani. Pesa za kifo mnatoa macho yamefumba. Za uhai ndiyo mnaanza hesabu!"

"Usinirushie maiti ya mtoto wa watu. Mimi nazungumza habari ya tamaa ya kuonekana."

"Unaniita mimi mtu wa kujionyesha?"

"Nasema hivi: angekuwa binti yangu angeazima gauni, na angependeza vilevile."

Roslyn akavua hereni, moja baada ya nyingine, kama mwanamke anayejiandaa kupigana, kisha akaziweka mezani na hakupigana.

"Umesema mwenyewe," akasema taratibu. "Si binti yako. Nenda, Clifton."

Pale pale angeweza kumwambia habari ya chumba cha nyuma na dirisha lake. Neno moja tu. Kiburi kikamziba mdomo, akachukua koti lake jeusi akaondoka. Mjinga! Nami namwita hivyo kwa mapenzi.

Mei yote hawakupigiana simu. Roslyn alifanya zamu mbili mbili mpaka macho yakaingia ndani. Clifton alinyoa watu kimya, na wateja wake, ambao kimya cha kinyozi huwaogopesha, wakaanza kunong'ona.

Siku ya sendofu jua lilikuwa kali na mtaa ulikuwa umejaa. Zulia lilitandikwa, muziki ulipigwa, samaki alikaangwa, gari jeupe refu lilingoja limefunguliwa milango. Kijana wa kumsindikiza Nyelle, tai yake ya kijani, alikuwa anatoka jasho ubavuni mwa gari. Watu wakaita, "Nyelle! Nyelle!" Nyelle hakutoka.

Roslyn akapanda juu. Akamkuta binti yake amesimama katikati ya chumba, gauni limemkaa kama alizaliwa nalo, shanga zinawaka, mkia umemwagika sakafuni. Alikuwa mzuri kiasi cha kutisha. Rangi ya macho ilikuwa imechuruzika mashavuni.

"Mwanangu! Uso wako! Watu wanangoja."

"Sitoki, Mama."

"Nini tena?"

"Mama mdogo ameniambia sasa hivi gauni limelipiwa kwa pesa zipi. Nilidhani ni pesa zako za zamu." Akashika shanga kifuani, akaziachia. "Ile nyumba ilikuwa na chumba changu."

"Nyumba ipi?"

"Anko Clif alinipeleka Machi. Alitaka uje uione ghafla. Aliniambia nichague chumba, nikachagua cha nyuma. Mama, nimeivaa nyumba yetu. Nitashukaje ngazi nayo?"

Roslyn akakaa kitandani. Chini watu walipiga makofi ya kuhimiza. Akatoa simu, akapiga.

"Clif."

Kulikuwa na mlio wa mashine ya kunyolea, kisha haukuwepo. "Nakusikia."

"Ulimpeleka kuchagua chumba."

"Nilimpeleka, ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia siku ile, pale jikoni?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa umeshanifukuza, nami nilikuwa nimeshasema upumbavu. Kuna nini? Mbona unalia? Leo si ndiyo leo?"

"Hataki kutoka. Anasema ameivaa nyumba."

Clifton akapumua. "Mpe simu."

Nyelle akaipokea. Roslyn alimsikia akisema "Ndiyo, Anko," na "Hapana, Anko," kisha akacheka kidogo huku kamasi zinamtoka.

"Amesema nini?" mama akauliza simu ilipokatwa.

"Amesema gauni likishakatwa haliwezi kurudi kuwa matofali. Amesema nisipotoka, hasara itakuwa mara mbili." Akajifuta. "Na amesema nisubiri dakika kumi, anamalizia ndevu za mtu."

Alikuja kwa miguu, na aproni ya saluni, nywele za watu mikononi. Hakuingia ndani. Alisimama nyuma kabisa ya umati, karibu na sufuria za samaki. Mlango ulipofunguliwa na lile gauni la kijani likashuka kizingitini, mtaa mzima ulipiga yowe, bibi mmoja akainua mikono akamshukuru Mungu kwa sauti. Mama yake Marquell alikuwa mstari wa mbele na kiti chake. Alisimama, akamshika Nyelle uso kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu. Clifton aliliona hilo. Aliinamisha kichwa, na alipokiinua macho yake yalikuwa mekundu.

Nyelle akamtafuta kwenye umati, akamwona, akaburuta mkia wake kupita zulia mpaka kwenye sufuria za samaki, akamvuta akapige naye picha. "Na hizo nywele mikononi?" watu wakapiga kelele. "Mwacheni!" Nyelle akajibu.

Gari likaondoka. Watu wakala, wakasifu, wakasengenya, wakakunja viti vyao. Jua lilikuwa bado halijazama Roslyn na Clifton walipobaki kwenye ngazi za mbele, zulia limejaa nyayo.

"Nyumba?" Roslyn akauliza.

"Mwenye nyumba alivunja ahadi, akataka pesa mapema. Jumanne aliiuza."

Roslyn akakubali kwa kichwa. "Gauni silijutii, Clif. Nitakudanganya nikisema najuta. Kukuficha ndiko kunakoniua."

"Nami bado nasema ni pesa nyingi. Ni nyingi, Roz. Lakini nimemwona mama yule alivyomshika." Akapangusa nywele za watu mikononi. "Lile neno nililosema jikoni, nisamehe."

"Ningekuomba ruhusa, ungekubali?"

Akafikiri kweli kweli. "Ningekataa."

"Unaona!"

"Ningekataa, tungegombana siku tatu, halafu ningekubali nusu yake. Wewe ulininyima ule ugomvi. Mke hamnyimi mumewe ugomvi wake."

"Mimi ni mke wako?"

"Si ndiyo tunazungumza?"

Roslyn akafuta uso kwa mgongo wa mkono. "Basi tugombane. Harusi. Mimi nataka watu mia."

"Mia! Kumi."

"Kumi ni mazishi ya paka. Themanini."

"Roz. Hatuna nyumba."

"Najua." Akatazama zulia, mabaki ya samaki, pazia la picha likipepea bila mtu mbele yake. Kicheko kilichokuwa kinakuja hakikufika. "Ishirini," akasema, na hapo akalia kwa sauti.

Clifton akasogea ngazi moja karibu naye.

"Thelathini," akasema.