Spea Ilikuwa Stoo

Foleni ya ukaguzi wa magari pale Marka, Amman, ilikuwa imefika barabarani, na kila dereva alikuwa na hakika kwamba honi yake ndiyo itakayoisogeza. Kutaiba alikuwa amepeleka gari la mteja. Alikaa ukingoni mwa njia anakula mkate wa ufuta na falafeli, zile bajia za dengu, mara akasikia kitu kinagonga, kinanyamaza, kinagonga tena. Fundi mwenye uzoefu wa miaka tisa hahitaji kuinua kichwa ajue kwamba huo ni usukani. Aliinua hata hivyo, na hapo ndipo mambo yake yalipoanza.

Lilikuwa gari aina ya jipu, la kijani, la mwaka 1989, limeoshwa na kuoshwa mpaka rangi imechoka. Ndani alikaa msichana mwenye koti jeupe la duka la dawa, ushungi wa rangi ya komamanga na buti za kupandia milima.

"Dada, usukani wako unagonga."

"Na wewe unagonga kioo changu," alijibu bila kumtazama. "Kila mtu na kelele zake."

"Magari ya toleo hili yaliitwa na kiwanda yarudi yakatengenezwe. Kiungo cha usukani, na vifungo vya mikanda ya viti vya nyuma. Lilete gereji yetu ya wakala, kule Bayader. Ni bure."

"Bure, Amman hii? Yaliitwa lini?"

"Miaka ishirini na saba iliyopita."

Hapo alimtazama. "Mimi nilikuwa sijazaliwa. Wewe ulikuwa wapi muda wote huo?"

"Darasa la kwanza."

Alicheka, na Kutaiba akasahau mkate wake pale ukingoni.

Jumapili msichana yule, Lamis kwa jina, alilileta kweli. Vifungo vya mikanda vilibadilishwa asubuhi hiyo hiyo, kiungo kikaagizwa. Siku ya pili kikafika. Mzee Naji wa stoo alitangaza kwa sauti gereji nzima ikasikia, na dakika tano baadaye simu ya Kutaiba ikalia.

"Mhandisi, spea yangu imefika?"

Mdomo ambao haujawahi kumdanganya mteja ukasema, "Bado. Lakini pitia Jumanne nilikaze kidogo."

Alipitia Jumanne. Akapitia tena, na tena. Walikunywa chai ya nanaa juu ya makreti yaliyopinduliwa, jipu likikazwa pale ambapo halikuhitaji kukazwa. Na siku ambazo hakuja, Kutaiba aliugua, akampigia kazini.

"Duka la dawa, habari za asubuhi."

"Nina kikohozi."

"Kohoa nisikie."

Alikohoa.

"Hicho si kikohozi, Mhandisi. Hiyo ni njaa ya kuongea."

"Dawa yake ipo?"

"Ipo. Inatolewa kidogo kidogo."

Wiki mbili zikapita hivyo, tamu kupita kiasi. Alhamisi mchana Kutaiba alilala chini ya jipu, akafuta grisi kwenye kiungo. Kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, umezunguka nusu nzima. Aliamua palepale: leo spea inaingia, na leo nasema kila kitu. Akalishusha gari, akanawa mikono, akageuka kumtafuta.

Alichelewa kidogo tu. Lamis alikuwa ameingia stoo kuuliza mwenyewe, na Mzee Naji, anayejivunia rafu zake, alimjibu kwa bashasha: "Kiungo cha jipu la kijani? Kipo, binti yangu, wiki ya pili hii. Mwambie huyo mvivu aje akichukue."

"Funguo," alisema Lamis.

"Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Funguo, Mhandisi."

"Usiondoke nalo. Kiungo kina ufa, nimeuona sasa hivi."

"Ahaa. Jana spea haijafika, leo kuna ufa. Kesho utaniambia injini imetekwa nyara."

"Roho yangu, uliniambia kesho unashuka Bahari ya Chumvi na bibi yako. Mteremko ule—"

"Usiniite roho yako. Nimekuja hapa mara nne. Nimebadilishana zamu na wenzangu, nimemwambia baba kwamba hatimaye nimepata fundi mkweli. Nilikuwa nakuamini, unajua?" Akachomoa funguo mwenyewe kwenye msumari, akaondoka, usukani ukigonga mpaka kwenye kona.

Alimpigia mara nne. Mara ya tano akakuta ameizuia namba yake. Aliuona mteremko ule kichwani, kona baada ya kona, na bibi amefungwa mkanda nyuma kwa kifungo kipya. Akaichukua fomu ya gari. Mmiliki: baba yake, sajenti mstaafu wa jeshi. Namba ya simu ilikuwa pale.

Msichana unaweza kumkosea ukamwomba radhi. Lakini kumpigia baba yake, mtu usiyemjua, umweleze ulichokuwa unatafuta kwa binti yake, hilo kijana wa Amman halifanyi akiwa na akili zake. Kutaiba alibonyeza namba kabla akili hazijamrudia.

"Ami, naitwa Kutaiba, fundi wa jipu lako. Tafadhali lisishuke Bahari ya Chumvi. Kiungo cha usukani kina ufa."

"Binti yangu anasema wewe ni mwongo."

"Ni kweli, Ami. Spea ilikuwa stoo, nikasema haijafika."

"Kwa nini?"

"Ili nimwone tena."

"Unajua unaongea na nani?"

"Na baba yake. Ndiyo maana nimepiga."

"Njoo nayo hiyo spea," alisema Abu Lamis, baba yake. "Nitakuwa nimesimama juu ya kichwa chako."

Na kweli alisimama. Jua la alasiri lilikuwa bado limejaa uani kwao Lamis, mtaa wa Jabal al-Hussein, wakati Kutaiba alipofungua kiungo cha zamani, akakiweka juu ya jiwe, akakigonga nyundo mara moja. Kikakatika vipande viwili. Abu Lamis aliokota kimoja, akakitazama, kisha akaenda kukaa kando.

Lamis alikuwa kwenye ngazi, uso umemshuka. "Ungeweza kunyamaza," alisema. "Hakuna ambaye angejua."

"Wewe ungeshuka nalo."

"Usidhani nimekusamehe."

"Sidhani."

"Vizuri." Alifuta macho kwa pindo la ushungi. "Sasa shika taa vizuri, au nikushikie?"

Alimshikia. Kesho yake bibi alishuka salama, akapaka magoti yake tope la dawa la huko, akarudi akisifu barabara. Naye Abu Lamis alikuwa ameshamwambia Kutaiba neno moja tu mlangoni: "Mtu anayetaka kumwona binti yangu ana njia yake, na haipiti gereji. Lete wazee wako Ijumaa ijayo."

Walikuja wazee saba. Kahawa ililetwa, na ami mkubwa wa Kutaiba akakiweka kikombe mezani bila kukionja, akasema wamekuja na haja ya kuposa, hawanywi mpaka haja yao ikubaliwe. Kwa kawaida jibu huwa limeshajulikana wiki nzima kabla. Safari hii hakuna aliyelijua.

"Mwenye jibu yuko jikoni," alisema Abu Lamis, akaenda. Alirudi na uso mgumu. "Ana swali kwanza."

Sauti ikatoka nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. "Kutaiba. Siku nyingine ukikosea, utaniambia mimi au utampigia baba?"

Wazee wote walimgeukia.

"Nitakuambia wewe," alisema. "Usipopokea, nitampigia baba."

"Kunyweni kahawa yenu, wazee wangu," alisema Lamis. "Inapoa."

Neno hilo lilikuwa la baba yake kulisema, lakini Abu Lamis alicheka tu, akaketi. Kutaiba alikunywa chake kwa mkupuo mmoja, nusu ikamwagika kwenye suti mpya, na alikuwa na furaha kiasi kwamba aliogopa kusimama.