Suruali Nyeupe ya Mtanashati

Foleni ya mapokezi ya hospitali ilikuwa imefika hadi mlango wa nje, na kila mtu alikuwa na haraka isipokuwa aliyekaa dirishani. Katika kusukumana huko, kifungo cha koti jeupe la dada mmoja kilikatika, kikabingirika hadi kwenye kiatu cha fundi cherehani ambaye mtaani kwao walimwita Mtanashati. Akakiokota, akachomoa sindano aliyoichomeka chini ya kola yake.

"Simama hivyohivyo, bibie. Ukitikisika nitakudunga."

"Hapa wa kudunga watu ni mimi," dada akacheka.

Hakuwa anatania. Alikuwa mpiga picha wa chumba cha mionzi, na Mtanashati alikuwa amepelekwa kwake kwa ajili ya kifundo cha mguu. Kilivunjika zamani kikafungwa vyuma, na sasa kilikuwa kimevimba na kutoa usaha. Madaktari walitaka kujua kama vijidudu vimeshaingia mfupani. Akapewa miadi ya wiki iliyofuata, lakini simu zilianza jioni ileile.

"Fundi wangu, umekula?"

"Sijala, nakuwaza."

"Basi na mimi nikuwaze, tufe njaa wote."

Siku ya kipimo alikuja na suruali nyeupe aliyoishona mwenyewe, pasi imesimama kama wembe. Mpiga picha akamdunga dawa yenye mionzi, akamweleza kwamba itakimbilia mifupani, na palipo na ugonjwa itajikusanya na kung'aa kwenye picha. Iliyobaki itatoka kwa mkojo. Anywe maji mengi, aende haja mara kwa mara, kisha avae gauni la hospitali.

"Gauni? Mimi? Mpenzi, hebu nitazame vizuri."

Akamtazama vizuri, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Akamwacha abaki na suruali yake.

Kabla hajaitwa, akiwa chooni, kifundo kilimchoma ghafla akayumba. Tone la mkojo likaangukia suruali, usawa wa nyonga. Akalifuta kwa maji, akaenda kulala chini ya kamera amejaa soni.

Picha zilipotoka, mpiga picha alikuja amekunja uso.

"Kifundoni tulitarajia. Ila na nyongani panang'aa. Hukudondokewa na mkojo kweli? Nao hung'aa pichani."

"Mkojo? Mtu mzima mimi?" Alisema kwa ukali ambao hata yeye hakujua ameutoa wapi.

Akaaminiwa. Daktari akaamua nyonga ichomwe sindano nene ya kutoa kipande cha mfupa, na ikibidi ipasuliwe.

Nyumbani Mtanashati alikiogopa kisu, lakini aibu aliiogopa zaidi. Simu ya mpenzi wake ikalia, hakupokea. Ikalia tena. Ukaja ujumbe: "Kama umenichoka sema tu, usininyamazie." Hapo akaona aibu juu ya aibu.

Dada yake mkubwa akaacha kupiga pasi. "Sijui unaficha nini wewe, lakini mficha uchi hazai. Pokea simu hiyo."

Akapokea.

"Nani huyo mwingine?" mpenzi wake akauliza.

"Hakuna mwingine. Ni suruali."

"Suruali?"

"Nilijikojolea. Tone tu. Nikakudanganya, maana nilitaka unione mwanamume wa maana."

"Na mimi nilikuachia suruali kwa sababu ulinipendeza," mpiga picha akasema. "Wagonjwa wengine wote huwavalisha gauni. Dawa bado imo mwilini, njoo kesho asubuhi tupige tena. Daktari nitamwambia mimi."

Asubuhi alivaa gauni lililoachama mgongoni. Nyonga ikaonekana safi kabisa. Daktari akaanza kumfokea mpiga picha koridoni, mbele ya wagonjwa, naye ameinamisha kichwa, vidole vinakisokota kifungo kile. Mtanashati angeweza kubaki nyuma ya pazia. Uso ulimwaka moto. Akatoka vilevile, anachechemea, mkono mmoja umeshika gauni kwa nyuma.

"Daktari, aliniuliza. Mimi ndiye niliyejikojolea, na mimi ndiye niliyedanganya."

Mtu mmoja kwenye benchi akaangua kicheko. Daktari akakohoa, akaenda zake.

Mpiga picha akazunguka nyuma yake, akaanza kumfunga kamba za gauni.

"Siku wakikupasua kifundo, nani atakaa mlangoni?"

"Dada yangu. Na mke wangu, kama atanikubali na aibu zangu."

Mikono ikasimama mgongoni. Akadhani amekataliwa, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Nimekukubali. Ila suruali ya harusi nachagua rangi mimi."

"Rangi gani, mpenzi?"

"Nyeusi."